Mashimo Matatu, Dripu Moja

Siku moja naikumbuka, mwanangu, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi katika wodi ya wanaume mjini Meru. Kila mwanafunzi alikuwa na kitabu cha kusainiwa: kuweka dripu mara kumi, kufunga kidonda mara kumi, na kadhalika. Dripu zangu zilikuwa saba. Nikahesabu tena, bado saba. Na kitabu kilitakiwa Ijumaa, la sivyo ningerudia wodi miezi mitatu wenzangu wakisonga mbele.

Alhamisi akalazwa mkulima wa ndizi kutoka Mitunguu, mzee aliyekaushwa na kuhara. Nikamdunga mkono wa kulia, mshipa ukakimbia. Nikadunga tena, ukapasuka. Nikahamia mkono wa kushoto, maji yakaingia. Nikatoa kalamu, nikaandika tatu, nikampelekea sista msimamizi wetu, mama kutoka Kanja asiyecheka ovyo. Akaja hadi kitandani.

"Mzee, huyu amekuwekea dripu ngapi?"

Mzee akainua shingo. "Dripu ni moja. Mashimo ndiyo matatu. Mimi nikiangusha mikungu miwili kati ya mitatu barabarani, mnunuzi hulipa huo mmoja uliofika."

"Basi sista, tuseme mbili," nikajaribu. Mimi hata nyanya sijawahi kununua kwa bei ya kwanza.

"Mbona usiseme nusu?" mzee akadakia. "Hata hukuniuliza kama naogopa sindano. Naogopa!"

Wodi nzima ikacheka, na sista pia. Akasaini moja. Nikarudia ile miezi mitatu, na sista mwenyewe akanifundisha kuupapasa mshipa kwa kidole, bila haraka, huku nikizungumza na mwenye mkono.

Juzi tuliketi, wauguzi wa Meru na Embu, tukiandika viwango vya umahiri vya wauguzi wapya. Kijana mmoja akasoma: "Awe ameweka dripu mara kumi." Nikamwambia aongeze: mgonjwa awe ameelezwa, amekubali, na dripu iwe imeingia.

"Mama, hiyo itachelewesha watu."

"Itachelewesha, ndiyo. Andika."

Akaandika.

Kwa hivyo mwanangu, nawe unapoanza uuguzi, usikubali kusainiwa kazi ambayo mgonjwa mwenyewe angekataa kuisaini. Ukikosa mara mbili, mwite anayejua. Ukiulizwa, sema ulikosa. Mungu akupe mkono mwepesi, na wagonjwa wako wakikuona mjini wakuite kwa jina, wasivuke barabara kukukwepa.