Kikombe cha Mstari wa Buluu

Mama mkwe wangu alinitengea kikombe. Hakusema amenitenga. Alisema tu, "Hiki chako, mwanangu, kina mstari wa buluu, usije ukakisahau." Kikakaa peke yake kando ya sinki, mbali na vingine vya kabatini. Wakati huo nilikuwa nimeolewa na mwanawe miaka kumi na minne.

Alitoka Mombasa kuja kukaa nasi huku Oxon Hill, Maryland, baada ya baba mkwe kufariki. Mume wangu alikuwa amemwambia nafanya kazi idara ya maji, na uongo huo ulidumu mpaka binti yetu, ambaye husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alipomwambia mezani: "Bibi, Mama cleans the poop water." Kiingereza cha Bibi ni kidogo, lakini hicho alikielewa: nasafisha maji ya vyoo.

Na ni kweli. Maji machafu ya Maryland, ya Virginia na ya mji mkuu, ya maofisi makubwa na ya vyumba kama chetu, hushuka kwa mabomba mpaka kwenye mtambo wetu kando ya mto. Mimi niko zamu ya mchana. Natembea juu ya matangi, nachota sampuli, naangalia hewa inayopulizwa ndani ili vijidudu vinavyokula uchafu visife, nazibua machujio yaliyojaa vitambaa vya kufutia watoto. Nikimaliza naoga kazini na kubadili nguo, nikifika nyumbani naoga tena. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Wahenga hawakuwahi kusimama kwenye machujio yetu mwezi wa Agosti.

Kikombe ningekivumilia. Kilichoniuma ni sufuria. Kila nikirudi nilikuta ameshapika, na nikinyoosha mkono kuchukua mwiko aliniambia, kwa ule upole wa pwani usiokupa pa kushika, "Pumzika, mwanangu, umechoka." Nilikuwa nimechoka kweli. Lakini hata nilipopika siku zangu za mapumziko, yeye alikuwa ameshiba, au tumbo linamsumbua, au amefunga sunna. Mwaka mzima hakutia mdomoni tonge lililopita mikononi mwangu. Mume wangu, fundi wa kompyuta huko Sterling, Virginia, alisema, "Mtu mzima yule, mwache." Kwake ilikuwa rahisi, mikono yake inanuka plastiki. Mimi nilitaka jambo moja tu, mama yake ale chakula changu.

Ramadhani ilipoingia alikaanga kila siku: sambusa, bajia, kaimati. Akimaliza, mafuta aliyamimina kwenye sinki na kuyasindikiza kwa birika la maji ya moto. Nilimwomba ayatie kwenye kopo yagande, tuyatupe na taka. Nilimweleza yanavyoganda ndani ya bomba.

"Mafuta ya chakula ni safi," alinijibu. "Uchafu uko huko kwako."

Nilikwenda chumbani nikafunga mlango. Nilitamani kukivunja kile kikombe ukutani, ila vigae ningeviokota mwenyewe.

Jumamosi moja katika kumi la mwisho nilirudi jua likikaribia kuzama. Mume wangu na binti walikuwa wametangulia msikitini na sahani za futari. Nilipofungua mlango harufu niliijua mara moja, nikadhani nimeileta mimi. Sisi tunakaa ghorofa ya chini, na bomba kuu la jengo lilikuwa limeziba, kwa hiyo kila aliyevuta choo huko juu alituletea sisi. Maji machafu yalikuwa yamepanda kwenye beseni la kuogea na kufurika sakafuni, meusi, vipande vyeupe vya mafuta vikielea juu. Si mafuta ya mama mkwe peke yake. Jengo zima hukaanga kuku.

Mama mkwe alikuwa ameingia kutawadha. Alisimama katikati, maji yamemfika vifundoni, ameshika pindo la deira kwa mikono miwili, analia bila sauti. Aliogopa hata kuinua mguu asije akaanguka.

Niliingia na viatu vyangu. Akarudi nyuma hatua moja, karibu ateleze.

"Usiniguse, mwanangu! Nina najisi. Nitakuchafua."

Mwaka mzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, mengine makali sana, na yote yakanitoka kichwani. Nilimwonea huruma, na nilikuwa nimechoka.

"Mama," nilisema, "hii ndiyo kazi yangu. Nishike shingoni."

Nilimtoa, nikamkalisha kwenye kiti cha jikoni, nikampigia simu msimamizi wa jengo. Kisha nikaleta karai na maji ya vuguvugu, nikamwosha miguu kwa sabuni, nikabadilisha maji, nikamwosha tena, na mara ya tatu, kidole kwa kidole, ninavyoosha mikono yangu kila siku. Nikamvua deira, nikamvisha safi.

"Magharibi itanipita," alisema. Nikamtawadhisha kwa jagi.

Adhana ikalia kwenye simu yake. Akachukua tende, ikamtoka vidoleni mara mbili. Nilichukua nyingine, nikaitoa kokwa, nikaishika mbele yake. Aliitazama mikono yangu. Kisha akafungua mdomo.

Hatukulizungumza tena. Mafundi walikuja, tukasugua sakafu, na kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida. Niliporudi, juu ya jiko kulikuwa na kopo la maziwa lenye mafuta ya jana yaliyoganda, na sufuria zote zilikuwa tupu.

"Leo sijapika," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

Miguu ilikuwa ikiniwaka moto. Nilipika. Tulipofuturu alikula, akaongeza, kisha akamimina chai kwenye kikombe cha mstari wa buluu, akanywa nusu, akanisogezea.

"Malizia, mwanangu," alisema. "Ingali moto."