Dhamana ya Soli

Enzi za Mdachi, reli ilipofika Morogoro, nilitamani kazi moja tu: kikosi cha baruti, cha kupasulia miamba. Msimamizi alikuwa na sharti lake, asiye na viatu vizima hasogelei baruti. Nikanunua viatu kwa Mhindi wa mjini, naye akaapa mbele ya watu kwamba soli ikiachia kabla ya masika kuisha, atatengeneza bure.

Sisi watu wa milimani viatu vya namna ile hatukuvivaa ovyo. Nilishuka Uluguru pekupeku, viatu shingoni, nikavivaa wakati wa kukaguliwa kambini tu, nikisubiri nafasi. Nyumbani mama alivitundika juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu, panya wasivile. Nilijiona mtunzaji hodari.

Ijumaa moja, mbele ya msimamizi, soli ya kulia ikafumuka yote. Akanipa mpaka Jumatatu. Nilikwenda dukani nimefura, nikadai dhamana yangu kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Mwenye duka alikigeuza kiatu. Soli safi, haina hata tope. Akakinusa.

“Bwana, hivi umevivaa au umevikausha kama samaki?”

Nikamwambia vimeshashuka mlima mara nane. Akaniuliza vilishuka kwa miguu ya nani. Hapo aibu ilinishika kwelikweli, maana barazani watu walikuwa wamejaa.

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Alimwita fundi wake, soli ikashonwa upya, ila kwa sharti moja: niende kwetu na kurudi nimevivaa, siku ya Jumapili avione vina matope. Visipokuwa na tope, dhamana imekufa.

Nikapanda mlima na viatu miguuni. Ngozi iliyokaushwa na moshi ilinitafuna visigino kama mbwa mwenye hasira. Mama aliponiona alidhani nimepigwa. Jumapili nilifika dukani nikichechemea. Mwenye duka akaisifu soli kwa muda mrefu, kisha akatazama miguu yangu.

“Hiyo haimo kwenye dhamana,” akasema.

Jumatatu msimamizi alivikagua viatu, akaridhika. Akaniamuru nitembee. Nilikwenda hatua nne kama kuku aliyefungwa miguu, akanitoa kwenye mstari. Mtu wa baruti, alisema, lazima aweze kukimbia. Nilitamani kulia.

Akanipa kazi ya kuponda kokoto, ambayo mtu huifanya amekaa chini na haina haja ya viatu. Nikavivua, nikavitundika shingoni, nikakaa.