Hirizi ya Kadzo

Kanisa letu la Adu nimeliezeka mimi, mtu niliyeishia darasa la nne, kwa jasho langu. Juzi tulichoma hirizi ya mtoto mgonjwa pale uani, na harufu ile ikanirudisha alasiri moja ya joto ya utotoni, mdogo wangu Kadzo akiwa hoi mkekani na hirizi yake ikiungua vivyo hivyo. Nilidhani moshi ule ndio ugonjwa unaondoka.

"Amini tu, mwanangu," mzee wa kanisa wa wakati ule alimwambia mama.

"Nimeamini hadi nimechoka, baba. Wewe husikiwa ukiomba?"

Mzee aliinama. "Sijui."

Nikafurahi kwamba mama ameshinda. Asubuhi yake tulimzika Kadzo.

Juzi mama wa yule mgonjwa aliniuliza vilevile, maana sasa mzee wa kanisa ni mimi.

"Kila siku," nikamjibu kwa sauti ya kusikika barabarani, na moyoni mwangu hamkuwa na mtu wa kunisikia.