Sabuni Mbichi ya Shimanzi

Miaka kumi na mitatu Kadzo alikata sabuni katika kiwanda cha Shimanzi, na miaka yote hiyo hakuifulia hata leso. Sabuni ilitoka mbichi, imejaa maji, ukiiweka siku tatu inasinyaa na kupinda. Nani alijali? Bei ilipangwa na serikali, kilichopimwa langoni ni uzito, na maji, wallahi, ni mazito. Wenye maduka walipanga foleni wakibembeleza wauziwe.

Kisha, miaka ya tisini, serikali ikaacha kupanga bei. Sabuni za kila rangi zikamiminika mjini, foleni ikafa. Meneja, Bwana Kingi, akabadilisha karatasi ya kufungia. Wapi! Asubuhi moja akawakusanya wafanyakazi: wenye kiwanda walikuwa wamempa miezi miwili, baada ya hapo makufuli.

"Basi niambieni, kosa liko wapi?"

Kadzo alikuwa akilea watoto wanne peke yake. Lakini mficha uchi hazai.

"Niwie radhi, Bwana Kingi. Mimi sabuni yetu siinunui. Mwenye duka huikata vipande asubuhi, jioni vimekuwa maganda ya muhogo. Mnunuzi aona ameibiwa, na atukanwaye ni mwenye duka. Tuianike wiki tatu kwanza."

Mhasibu akacheka kwa dharau. Wiki tatu bila kuuza, tena uzito upungue?

"Ianikeni," akasema Kingi.

Wiki zile Kadzo alikonda. Wenzake walimnunia, na yeye mwenyewe aliogopa. Sabuni ilipokauka akajitwika katoni moja hadi Mji wa Kale, dukani kwa Kamaludin, aliyekuwa ameapa kutoinunua tena.

"Dada, hayo maji yenu sitaki hata bure."

"Kaa nayo wiki moja. Ikisinyaa, nirudishie."

Siku ya tano Kamaludin akapiga simu kiwandani, ataka katoni ishirini.

Kingi akatoa amri: lori lisitoke kabla Kadzo hajaibonyeza sabuni. Maombi yakazidi, na haraka ya kuitoa mbichi nayo ikarudi. Jumatatu moja lori lilisimama langoni limesheheni, injini inanguruma. Kadzo akabonyeza mche mmoja. Kidole kikazama.

Mhasibu akamkazia macho. Kingi naye alikuwa amesimama hapo hapo.

"Shusheni," akasema Kadzo.

Kingi akakunja mikono ya shati, akapokea katoni ya kwanza.