Siku Bunduki ya Nyati Iliponivua Kilemba

Yakhe, kuna aibu za kusimulia na kuna aibu za kuzikwa nazo, na hii yangu nilishaamua nitazikwa nayo, lakini kila nikikanyaga Ibra lazima atokee mtu aniulize, "Seif, nyati hajambo?" na baraza zima linacheka, basi bora niihadithie mwenyewe kabla haijazidi kunenepa midomoni mwa watu.

Mie nafanya kazi ofisini Nizwa, huku Omani, naingiza maombi ya watu kwenye kompyuta, na silaha pekee niliyowahi kushika maishani mwangu ni ile bunduki ya kuchezea ya kupigia maputo kwenye maonyesho (maputo yenyewe yalibaki salama salimini). Ofisi hiyohiyo yupo Zuwena, mtoto wa watu wa Ibra, wazee wake wametoka Unguja kama wangu, anasema Kiswahili kilekile cha mjini cha bibi yake, na wallahi nilikuwa nampenda mpaka chakula hakipiti. Nikawa namzungukazunguka na vikombe vya chai, mpaka siku moja akaniambia, "Seif, kama una nia, nenda kaonane na baba. Mimi chai imenitosha."

Sasa kabla sijafika mbali nikupeni siri nyingine, na msicheke. Nina kipara. Si kile kipara cha heshima cha wazee, hiki ni cha utosini, cha mviringo, kimekuja mapema bila ya kubisha hodi. Shukuru Mungu Omani mwanamme hatembei bila ya kofia, au kilemba juu yake, kwa hiyo nilikuwa nakitembeza mjini na hakuna anayejua, na hesabu yangu ilikuwa Zuwena atakiona tukishafunga ndoa, ambapo kurudi kwao itakuwa shida.

Basi nikenda Ibra kwa baba yake, Ami Hilal, nikakaa kwenye sabla yake, maana huko kila nyumba ya maana ina chumba hicho cha kupokelea wageni wanaume. Nilikuwa na lengo moja tu, mzee anione, anipende, halafu nipeleke wazee wangu kuposa. Bahati mbaya Ami Hilal siku hiyo hakuwa na habari ya mkwe wala ya harusi, alikuwa na habari ya swala. Ndugu zake walioko bara, Tanzania, walikuwa wamemwalika kwenda kuwinda, kwa vibali vyote, si kama kwetu huku ambako paa ukimgusa tu unalala ndani, na mzee alikuwa kama mtoto wa siku ya Idi, anauliza kila mtu anayeingia, "Kwa swala, ninunue bunduki gani? Risasi namba ngapi?"

Watu wakasema hawajui. Ni neno jepesi, "sijui", na mie nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Lakini nikamwona mzee ananitazama, nikamkumbuka Zuwena, na mdomo ukafunguka wenyewe, "Ami, hilo niachie mimi."

"Ala! Wewe bunduki unazijua?"

"Kidogo kidogo, Ami." (Kidogo kidogo! Muongo mkubwa mie.)

Mzee akafurahi akanisogeza karibu yake, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, na mtoto wake wa kiume, Suleiman, ambaye ni mchokozi tangu tumboni, akasema ataazima kwa jamaa zake bunduki mbili zenye vibali vyake, moja ya risasi nyembamba na moja ya nene, na Ijumaa baada ya sala tutoke sote wadini, kwenye bonde kavu la mto nje ya mji, tukajaribu, mtaalamu achague. Nikavikwa kilemba cha ukoka hapohapo, na mie nikakikubali.

Wiki nzima nikawa naangalia video za Wazungu wenye ndevu. Kila mmoja anasema lake. Huyu anasema risasi nyembamba inakwenda mbali na haikuumizi bega, yule anasema nyembamba upuuzi, mwanamme hutumia nene, na mie badala ya kumsikiliza yule mwenye akili nikamsikiliza yule mwenye ndevu nyingi.

Ijumaa ikafika. Nilidhani tutakuwa mimi, Suleiman na mzee. Lahaula! Nakuta wadini magari yamejipanga, ami zake Zuwena wote wapo, majirani wapo, mikeka imetandikwa, masinia ya halua yamepangwa, na kando kidogo, kwenye kivuli cha gari, amekaa Zuwena na mama yake na bibi yake na birika la chai. Mie nimevaa kanzu nyeupe ya kupiga pasi mara mbili na kilemba kipya kikubwa, kizito, kwa ajili ya kupendeza. Nikenda kumwamkia bibi, "Shikamoo, bibi," akaniitikia marahaba, akaniambia, "Mungu akupe shabaha, mjukuu wangu."

Shabaha yenyewe ilikuwa kijiwe cheupe kimewekwa chini ya jabali. Suleiman akaziweka bunduki mbili juu ya busati. Akasema hii mia mbili sabini, ile ya risasi nyembamba, na hii mia tatu sabini na tano, ya nene, mwenye nayo huipeleka bara kupigia nyati.

"Haya, mtaalamu," akasema Ami Hilal, "kwa swala ipi?"

Nikakohoa. Nikaiokota ile kubwa (nusura initoke mikononi kwa uzito) nikasema, "Hii, Ami. Ile ndogo itamuudhi tu mnyama."

"Lakini swala si kama mbuzi tu? Hiyo si itamla yeye, tubakie na pembe?"

"Ami, heshima ya mnyama ni kumpiga mara moja."

Wazee wakatikisa vichwa, wengine kwa kukubali, wengine sijui kwa nini. Hapo tungelikuwa tumemaliza, mzee angenunua lidude lake, mie ningerudi Nizwa. Lakini Suleiman akasema, "Basi tuoneshe."

Nikakaa chini, miguu nimekunja kama wanavyokaa wapigaji wa huko, viwiko juu ya magoti. Nikainua bunduki, nikainamisha kichwa, na kilemba kikateleza kikanifunika jicho. Nikakirudisha. Kikateleza tena.

"Vua kilemba, Seif," akasema Suleiman. "Kila mpigaji anavua."

"Niache."

"Vua bwana, huoni!"

Nivue, wakati Zuwena anatazama? Nikakikaza, nikasogeza uso mbele, mbele tena, mpaka jicho likaingia karibu ndani ya darubini iliyo juu ya bunduki, na hapo kweli nikakiona kile kijiwe, kizuri, kimetulia. Nikasoma bismillahi nikavuta.

Jamani, bunduki ina teke. Nililisikia kwenye video lakini sikulielewa. Darubini ilinibamiza juu ya jicho ikanichana, bega likasema kwaheri, nikapinduka nyuma miguu juu, kanzu ikapanda, suruali ya ndani ya bluu ikatoka hadharani, kilemba kikaruka, kofia ikakifuata, na nilipofungua jicho lililobaki niko chali juu ya sinia la halua, kipara kinang'ara juani mbele ya ukoo mzima. Risasi hatujui mpaka leo ilikokwenda. Kijiwe kilikuwepo palepale.

Bibi, mtu mzima yule, akauliza kwa sauti, "Amekufa, au anaona haya tu?"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilitamani jabali liniangukie. Suleiman akaniokotea kofia, akaniinua huku analia kwa kucheka, nikafungwa kitambaa cha barafu kwenye jicho, nikapelekwa sabla.

Na mkasa haujesha, maana mnajua desturi ya Ibra, mgeni akiingia sabla watu wote husimama, mnapeana mikono mmoja mmoja, kisha huulizwa habari, na jibu ni moja tu, hakuna habari, kheri tu, hata kama nyumba yako inaungua nyuma yako. Basi majirani waliokuwa hawakuja wadini wakaanza kuingia (nani alowapigia simu Mungu anajua), na kila anayeingia ananishika mkono, anaangalia damu, anaangalia halua mgongoni, ananiuliza, "Habari gani?"

"Hakuna habari. Kheri tu."

Watu wanauma midomo. Anaingia mwengine, "Habari gani?" "Hakuna habari. Kheri tu." Jicho limevimba limefumba, na mie kheri tu.

Mwisho Ami Hilal mwenyewe, amekaa mbele yangu, akaniuliza taratibu, "Haya Seif, na mimi nambie. Habari gani?"

Nikafungua mdomo kusema kheri tu, na kilichotoka kikawa, "Ami, bunduki sizijui. Sijapata kushika. Nimekuja kwa ajili ya Zuwena, nataka kumposa, na nilikuwa naona haya."

Barafu ikawa inadondoka kwenye kanzu yangu. Nikajua ndio basi. Namna hiyo watu hawaposi, wazee wangu hawapo, mwenyewe nanuka halua, nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa jicho moja.

Ami Hilal akavuta pumzi. "Ya bunduki ulichagua wewe, na tumeona. Hili atachagua mwenyewe." Akamtuma Suleiman ndani akamuulize dada yake.

Alikawia. Kisha akarudi, anajikaza asicheke, akasimama katikati ya sabla.

"Zuwena anasema kipara anakijua zamani, kinaonekana kutoka ngazi za juu ofisini kila ukivua kofia kujikuna. Anasema uongo wa bunduki ndio mpya, na kama ndio wa mwisho, walete wazee wako."

Mzee alinunua iliyo kama ile ndogo, akenda nayo bara. Na mie, tangu siku hiyo, mtu akiniuliza chochote nisichokijua, hata bei ya nyanya, nasema sijui, tena nasema mbio.