Haondoki Mtu na Kifurushi Bila Kukisoma

Saa kumi na nusu alasiri, Peng Caixia amenyanyua kifurushi juu ya kichwa chake, na msichana wa darasa la kwanza anakirukia bila mafanikio.

"Shangazi, nipe! Ni viatu vyangu!"

"Nani kakwambia ni viatu?"

"Nimekitikisa, nimesikia."

"Haya, masikio yako yatavivaa. Soma hapa."

Mtoto ananuna, kisha anaweka kidole kwenye karatasi iliyobandikwa. "Pasi. Pasi ya... nguo?" Foleni nzima inaangua kicheko. "Kavae basi!" wanamwambia.

Hapa Baishuiping, kijiji cha milimani magharibi mwa jimbo la Hunan, wazazi wengi wako viwandani huko pwani. Watoto wanalelewa na bibi na babu, na mahitaji yao mengi huja na lori la asubuhi. Kwenye kituo cha vifurushi cha Caixia, mtoto hapewi mzigo wa kwao mpaka ausome kwa sauti, peke yake.

Caixia, mwenye miaka 51, hulipwa nusu yuan kwa kila kifurushi. Mwezi ukiwa mzuri hupata yuan 1,900. Kwa kusomesha halipwi kitu.

"Wananiita mnoko. Waache," anasema huku akikata utepe kwa mkasi. "Mimi niliacha shule darasa la tatu. Nikashona nguo kiwandani miaka kumi na moja. Kusoma nimejifunzia kwenye mabango ya bwenini, neno moja kwa siku, nikimsumbua mlinzi mpaka akanichoka."

Zamani sharti lake halikuwa kali hivi. Kilichomfanya akaze ni jambo la Septemba iliyopita, na hata leo akilisimulia sauti yake inashuka.

Luo Siqi, mwenye miaka minane, anaishi na bibi yake, Tian Jinxiu, asiyejua kusoma hata jina lake mwenyewe. Kila mwezi mama Siqi humtumia bibi dawa za presha, na Siqi ndiye aliyekuwa akimsomea maelezo. Bibi alijigamba kila alipokwenda: "Mjukuu wangu anasoma kama mtangazaji wa redio!"

Mwezi ule vilikuja vidonge vyenye nguvu maradufu. Karatasi ilisema nusu kidonge. Siqi akasoma kizima, kama siku zote. Siku ya tatu bibi akaanguka kwenye shamba lake la kabichi, na Caixia akamkimbiza zahanati kwa pikipiki yake ya magurudumu matatu.

"Daktari akauliza, nani aliyesoma karatasi hii? Mtoto akatazama chini. Nikajua hapa pana jambo."

Bibi alipopata nafuu, Caixia alimwomba Siqi asome kitabu cha shule. Akasoma vizuri ajabu, hakukwama hata mara moja. Kisha akafunua kurasa mbili kwa mpigo bila kujua, na akaendelea kusoma maneno ya ukurasa alioruka.

"Nywele zilinisimama. Kumbe hasomi, anaimba!"

Nasi sote tulisomeshwa hivyo: darasa zima kwa sauti moja, kila asubuhi, mpaka somo likae kichwani. Sina ugomvi na desturi hiyo. Lakini katikati ya sauti arobaini, asiyejua hajulikani. Siqi alipofeli mitihani ya kuandika, aliitwa mvivu. Inauma, kwa sababu hakuna aliyemkalisha peke yake amsikilize.

"Nikamuuliza, mbona hukusema? Akaniambia, 'Bibi alikuwa anafurahi sana,'" anasema Caixia.

Tangu siku hiyo Siqi hupita kituoni kila akitoka shule, na husoma maboksi. Caixia anasema boksi halikaririki, kwa sababu la leo si la kesho. Sasa mwalimu mkuu amekubali watoto wa darasa la pili waje hapo mmoja mmoja, na Caixia anatafuta mbao za benchi.

Kuna kitu kimoja tu hakijamtulia. Bibi aliambiwa kwamba dawa zilibadilishwa, basi. "Natamani Siqi amwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumsemea."

Siku niliyofika, dawa nazo zilikuwa zimefika. Bibi Tian alikuja na fimbo yake, akakaa juu ya gunia la mchele kusikiliza. Siqi alisoma akifuata kidole, neno kwa neno, kisha akasimama.

"Shangazi, hili silijui."

"'Kabla.'"

"Kabla ya kula," akaendelea, taratibu.

Bibi akashindwa kuvumilia. "Ee! Mbona siku hizi unakwenda kama kobe? Zamani ulikuwa unateleza tu!"

Caixia akaacha kukata utepe. Siqi alikuwa amewiva masikio kwa aibu.

"Zamani nilikuwa sisomi, Bibi. Nilikuwa nakisia. Hata siku ile ulipoanguka."

Bibi alitazama boksi la dawa, akamtazama mjukuu wake, ambaye machozi yalikuwa yameanza kumtoka. Kisha akajisogeza pembeni juu ya gunia, akampa nafasi ya kukaa.

"Basi soma polepole, mjukuu wangu," alisema. "Mimi sina haraka ya kufa."