Manifodi na Neno la Dada

Pikapu yetu ilizimika Morogoro mjini, si mbali na geti la hospitali, dada yangu akiwa ndani. Madaktari walikuwa wametuambia kwa upole tumrudishe nyumbani. Yeye alikwisha kujua kabla yao. "Nipeleke kwa mama," aliniambia, ingawa mama yetu alikufa zamani. Alimaanisha shamba.

Kwetu Mgeta, juu Uluguru, ardhi inapita upande wa mama. Dada ndiye aliyekuwa ameshika shamba la mama, na katika ukoo wetu anayelishika humtaja atakayemfuata kwa kinywa chake mwenyewe, akiwa amekaa juu ya udongo uleule, mabinti zake wote wakisikia. Dada alikuwa hajamtaja mtu. Alitaka kufika akiwa na sauti.

Wasamaria wema walitusukuma mpaka gereji ya jirani. Fundi, mtu mzima mwenye tumbo la furaha, alifungua boneti, akainama, akaangua kicheko.

"Nyie Waluguru! Hii nini, sabuni?"

Ilikuwa sabuni. Manifodi, lile bomba la aluminiamu lenye matawi linalogawia silinda hewa, ilikuwa na ufa. Kule mlimani tangi la mafuta likitoboka tunaziba kwa sabuni ya mche na ukanda wa mpira wa tairi, na gari linashusha kabichi mwaka mzima. Ufa wa manifodi tuliuziba vivyo hivyo. Lakini manifodi inakaa ubavuni mwa injini yenye moto. Sabuni ilikuwa imeyeyuka, na injini ikawa inavuta hewa pembeni, inakohoa, inazima.

"Ziba tena, tufike tu," nilimwomba.

"Mzee, kile kilima chenu unapanda na sabuni? Utamrudisha bibi kinyumenyume. Ngoja nitafute nyingine."

Alituma mtu kwenye spea za mtumba. Tulimlaza dada kwenye kiti cha mbele, mlango wazi apate upepo. Nikakaa kando yake na rozari yangu. Nimefundisha katekisimu maisha yangu yote, nimekaa na wagonjwa wengi saa zao za mwisho, na kila mara nilikuwa na neno la kusema. Pale gereji, katikati ya matairi na harufu ya oili, niliokota kipande cha boksi. Nikampepea nacho.

Manifodi iliyoletwa ilitoka kwenye injini ya toleo jipya zaidi, njia zake pana. "Hii itavuta kuliko ya mwanzo," fundi alisema. Lakini tundu moja la bolti halikukaa mahali pake. Ikabidi kutoboa, na umeme ukakatika. Tukangoja. Fundi akaja kumsalimia dada.

"Shikamoo, bibi. Mimi Mnyamwezi, mtani wako."

"Marahaba. Nilijua. Kazi inachelewa."

"Haya, ukifia hapa nakuzika chini ya lile lori bovu, nakupandia kabichi juu."

Dada alicheka hata kikohozi kikamshika. "Sifi kwa Mnyamwezi, mimi! Utanilia hata sanda."

Niliwaacha wataniane. Kwa muda ule macho yake yalikuwa ya msichana. Kisha kicheko kikaisha na pumzi yake ikawa fupi, nami nikaogopa.

"Dada, nitajie mimi," nilimnong'oneza. "Nitawafikishia mabinti."

"Neno la nyumba halisemwi gereji," alinijibu. "Na wewe mwanamume. Utalimwaga kwenye kijiwe cha kahawa."

Umeme uliporudi fundi alitoboa, akapaka siliko, ile gundi ya kuzuia hewa isipenye, akafunga gasketi mpya. "Shika hapa, mzee," aliniambia, nami nikashika spana kwa mikono miwili kana kwamba nimeshika kikombe cha altare. Injini ikawaka. Ikatulia, mngurumo wake laini kuliko nilivyowahi kuusikia.

Dada alifumbua macho. "Limeacha kukohoa," alisema. "Sasa nimebaki mimi."

Tulipita upande wa Mzumbe, tukaacha lami, tukaanza kupanda. Gari lilipanda vizuri ajabu. Nilikuwa nikimsimulia dada tulipo, kona kwa kona, maana hakuweza kuinua kichwa. Nilipomwambia yale pale matuta ya njegere, hakuitikia. Niliita tena. Sikusimamisha gari. Ningesimama nifanye nini? Nikaanza Salamu Maria kwa sauti, mguu ukiwa kwenye mafuta, mpaka mlangoni kwa mama.

Fundi alikuja mazishini, kucha zake bado nyeusi kwa grisi. Alisimama mbele ya jeneza akapaza sauti: "Bibi, umenishinda! Ulisema hufi kwangu, ukanikimbia na manifodi yangu!" Watu walicheka huku wakilia, maana ndiyo kazi ya mtani.

Baadaye mabinti walinizunguka jikoni. Mkubwa wao akauliza, "Mjomba, alimtaja nani?"

"Hakumtaja mtu," nilisema.

Sijui kama waliniamini. Masika haya kila mmoja amelima upande wake, na kile kipande cha mbele ya mlango wa mama hakuna aliyethubutu kukitia jembe. Majani yamefika kiunoni. Naomba kila asubuhi nionyeshwe nani angemtaja, na sijaonyeshwa. Pikapu inapanda kilima bila kuzima, na kwa hilo nashukuru.